Pekupeku Kwenye Nyasi za Hadeda

Sifa wangu,

Umetoka sasa hivi na mama yako kwenda kanisani, kwenye maombi ya kukuaga, na mimi nimewaambia nitawafuata, kuna soli moja inangoja gundi ikauke. Mungu anisamehe. Soli ilikauka tangu mchana. Nilitaka tu nyumba inyamaze kidogo, nikae hapa mezani, mbwa wetu Arbitri akiwa amelala juu ya miguu yangu, nikuandikie jambo ambalo mdomo wangu umeshindwa kulitoa tangu Jumatano.

Sitakuandikia habari za kufunga mlango, wala za kula vizuri, wala za vijana. Hayo mama yako ameshayasema, na yale aliyoyasahau atakupigia simu akuambie ukiwa bado ndani ya basi, hata Pietermaritzburg hujafika. Mimi nitakuandikia mpira. Najua utacheka. Cheka tu, mwanangu, lakini soma mpaka mwisho.

Jumatano jioni ulikuja kukaa kwenye kigoda changu cha kazi. Vyuo viwili vimekuita. Kimoja ni koleji yetu hapa juu ya Pinetown, koleji ya timu yetu ya Hadeda. Kingine kiko kule Pretoria, wanakofundisha udaktari wa wanyama, kitu ambacho umekitaka tangu ukiwa mdogo. Ukaniambia, "Papa, sema neno moja tu. Ukisema nibaki, nabaki. Nitasoma hapa, nitavaa nyeupe ya timu, tutaendelea kwenda mechi pamoja. Maana nani atakwenda na wewe uwanjani?" Mimi nikaendelea kushona kiatu cha mtu. Ukangoja. Nikavuta uzi, nikavuta uzi. Mwisho ukasema "sawa," ukainuka, na tangu pale unatembea ndani ya nyumba kama mtu anayeomba ruhusa kwa kila kiti. Basi ni kesho asubuhi, na mama yako ananiambia sanduku lako bado liko wazi. Unaweka nguo, unazitoa, unaziweka tena.

Sikunyamaza kwa hasira. Nilinyamaza kwa sababu neno lililonijia mdomoni lilikuwa "baki." Nikaliuma lisitoke. Sasa acha nikueleze neno hilo nililipata wapi, uone kwa nini lilikuwa tamu namna ile.

Hadithi ya viatu unaijua. Umeisikia kwa Bab' Zungu mara nyingi kuliko kwangu, naye kila mwaka anaongeza chumvi. Hujaisikia vile ilivyokuwa ndani yangu mimi.

Nilikuwa mgeni kabisa. Nimetoka Uvira, mama yako nimemwacha kule na wewe ukiwa tumboni, na hapa nalinda magari ya watu barabarani nje ya koleji, kile kibarua cha fulana ya rangi ya machungwa ambacho wengi wetu tulianzia. Kizulu sijui. Kiingereza changu ni "yes boss" na "thank you boss." Kanisa la watu wetu sijalipata bado, na mtu aliyezoea kuomba pamoja na wengine, akibaki kuomba peke yake chumbani, anafika mahali sauti yake mwenyewe inamtisha.

Jumamosi moja nikasikia watu wanaimba. Si redio, watu wenyewe. Sauti nzito za wanaume chini, sauti za akina mama juu yake, polepole, kama wimbo wa kuamsha asubuhi. Nikauacha ule mstari wa magari, nikafuata. Nikapita kwenye miti, na pale mbele yangu nikaona nyasi za kijani kabisa, na kando yake mteremko umejaa watu waliovaa nyeupe tupu, wanaimba na kuyumba.

Wewe umekulia mji huu, huwezi kukosea. Mimi je? Nilikuwa nimewaona, kupitia dirisha la taxi, wale waumini wa hapa Durban wanaosali nje kwenye majani, kanzu nyeupe, viatu wameviacha pembeni. Niliuliza, nikaambiwa, pale huingii na viatu. Kwa hiyo nikavua vyangu. Nikavishika mkononi, nikaingia taratibu nimeinamisha kichwa, nikatafuta nafasi, nikapiga magoti, nikafunga macho.

Na niliomba, Sifa. Sijawahi kuomba vile tena. Nyasi zilikuwa na umande bado, baridi yake ikanipanda kwenye vidole vya miguu mpaka magotini, na wimbo ule unanizunguka kama maji ya ziwa nyumbani. Nikamwomba Mungu alete mama yako salama. Nikaomba juu yako, ambaye sikujua hata kama ni binti ama kijana. Nikalia. Nikiwa katikati ya machozi, watu wote wakaruka juu, wakapiga kelele isiyo ya dunia hii, na mzee mmoja akaniangukia mgongoni, akanikumbatia kwa nguvu. Nikasema moyoni, Roho ameshuka!

Nikafungua macho. Mpira ulikuwa ndani ya wavu.

Yule mzee ndiye Bab' Zungu. Wakati ule bado anaendesha basi la mji. Aliniachia, akanitazama uso wangu wenye machozi, akatazama magoti yangu, akatazama miguu.

"Baba, viatu viko wapi?"

Nikamwonyesha mkononi. Nikajaribu kueleza kwa Kiingereza changu cha magari: mimi, kanisa, prayer, sorry boss. Alielewa polepole, na alipoelewa alikaa chini kwa kicheko. Akawaita wengine. "Njooni muone! Huyu amefikiri tunasali!" Mteremko mzima ukacheka, na mimi nikatamani ardhi inimeze. Nikaanza kuvaa viatu niende zangu kwenye magari. Hapo Bab' Zungu akanishika mkono, hacheki tena.

"Hapana, hapana. Timu hii haijafunga hata goli moja msimu huu. Wewe umekuja, umevua viatu, umeomba, tumefunga. Vua. Kaa hapa. Baki mpaka filimbi."

Unasikia? Tangu nivuke mpaka wa nchi yangu kila mtu alikuwa ananiambia toka hapa, sogea kule, rudi kesho, dirisha lile si lako. Mzee huyu, ambaye hajui hata jina langu, ndiye mtu wa kwanza katika nchi hii kuniambia baki. Nilibaki. Tulishinda. Wakaniita Mfundisi, yaani mchungaji kwa Kizulu, na jina hilo sijavuliwa mpaka leo, ingawa wachungaji wa kweli wa kanisa letu halijawafurahisha sana.

Halafu ikawa ndiyo desturi ya mteremko. Timu ikizidiwa, utasikia tu kutoka nyuma, "Mfundisi! Khumula!" Vua! Na wote wanaitikia, mpaka wanafunzi wenye vitabu vyao wanaitikia, vua, vua, vua. Nikivua, sivai tena mpaka mchezo uishe. Mvua ikinyesha, sivai. Nilijaribu kuwaeleza kwamba Mungu hafanyi kazi namna hiyo, kwamba hayuko ndani ya soksi zangu. Anti Devi wa Chatsworth akanijibu, "Najua hayuko ndani ya soksi zako, Mfundisi. Sisi wote tunajua. Lakini vua tu."

Miaka ile mama yako akafika na wewe mgongoni, unajifunza kutembea. Nikakupeleka mteremkoni kabla sijakupeleka kwa daktari, na mama yako hajanisamehe vizuri mpaka leo. Wakakupitisha mkono kwa mkono kama sahani ya chakula kwenye harusi. Nilikuwa nimeshaacha magari nimeanza kushona viatu pale karibu na stendi ya taxi, na Bab' Zungu hakuacha kuniambia, "Fundi viatu gani huyu, Jumamosi anatembea miguu mitupu?" Wewe ulikua ukiona papa yako amevua, na wewe unavua. Hukuuliza kwa nini. Kuna picha moja kichwani mwangu haichakai: tumekaa, jua liko nyuma yetu, kule mbali kabisa chini meli zinangoja kuingia bandarini kama mahindi yaliyomwagika kwenye kitambaa cha bluu, na mbele yangu ni nyayo zako ndogo mbili zimepakwa kijani. Sikumbuki tulikuwa tunacheza na nani.

Nataka ujue pia mambo ambayo mteremko ulinifundisha kwa kuniaibisha, maana mengine yalikaa kwangu kimya, na pengine kule uendako yatakufaa.

Nilikuwa mtu wa kupiga kelele. Kulikuwa na golikipa mmoja mwembamba, kila mpira wa juu unampita. Siku hiyo nilisimama nikasema kila nililokuwa nalo. Mtoeni huyo! Ana mikono ya karatasi! Nani amemleta? Nilisema kwa Kiswahili, nikaona haitoshi, nikatafsiri. Anti Devi alikuwa amekaa pembeni yangu na lile bakuli lake la samosa. Mapumziko yakafika, akanipa moja.

"Kula, Mfundisi. Umepiga kelele sana, utakuwa na njaa."

Nikala. Ilikuwa na pilipili ya kukutoa machozi.

"Tamu?"

"Tamu sana, Anti."

"Basi, yule golikipa nimemzaa mimi."

Sifa, samosa ile ilisimama kooni. Nikataka kuomba msamaha, akanikatiza. "Kula kwanza. Hata nyumbani sahani zinamponyoka." Tangu siku hiyo, kabla sijafungua mdomo juu ya mtu, nageuka kwanza nione mama yake amekaa wapi. Karibu kila mahali yupo mama wa mtu, na karibu kila mara yuko karibu kuliko unavyofikiri.

Na jambo jingine, hili sikumwambia mtu. Nilikuwa naombea magoli. Najua nilisema Mungu hayuko kwenye soksi, lakini moyoni nilikuwa nikivua viatu naomba kweli. Mara moja niliomba mshambuliaji wa wapinzani ateleze. Akateleza. Akashika goti, akabebwa kwa machela, na nilipomwona anapita chini ya mteremko uso wake ulikuwa wa kitoto kabisa, anauma kola ya jezi asilie mbele za watu. Sijui kama ni mimi. Mchungaji wetu anasema Mungu si mtumishi wa kutumwa hivyo. Lakini siku ile nilibadilisha maombi. Siku hizi nikivua viatu nasema tu, Bwana, wote hawa warudi nyumbani kwa miguu yao. Ni ombi dogo, na nimeona linajibiwa karibu kila Jumamosi. Wewe pia ndani ya basi nitakuombea hilohilo, hakuna la kuongeza.

Unakumbuka ile siku ya ukungu? Mimi nikitaka usingizi unijie, hiyo ndiyo ninayoiita. Ukungu ulipanda kutoka bondeni kipindi cha pili, kwanza ukameza lango la kule, halafu katikati ya uwanja, halafu sisi. Arbitri, yaani refa, maana ndivyo sisi wa Kongo tunavyomwita, akakataa kusimamisha mchezo. Tukabaki tunatazama weupe tupu kama maziwa. Mchezaji anatokea mbele yako kama amezaliwa sasa hivi, anapiga mpira, anapotea. Bab' Zungu alikuwa anapaza sauti kwa watu wa upande wa pili: "Heyi! Mpira uko kwenu?" Na kutoka ndani ya ukungu sauti inajibu, "Hapana! Tulifikiri uko kwenu!" Watu wakacheka mpaka wakachoka kucheka, kisha mteremko mzima ukanyamaza, tukawa tunasikiliza tu. Miguu ikikimbia. Mtu akiita jina la mwenzake. Mpira ukipigwa, tup, halafu kimya. Nikasema moyoni, labda hivi ndivyo malaika wanavyotusikiliza sisi.

Nikageuka kukuonyesha, na mkono wangu ulikuwa mtupu.

Nilikuita. Nikasimama nikakuita tena, na ukungu ule ukalirudisha jina lako mdomoni mwangu. Sijui ilikuwa muda gani. Kwangu ulikuwa mrefu kama njia yote kutoka Uvira. Halafu kutoka mahali fulani chini kushoto nikasikia, "Haa! Haa! Hadeda!" Kile kilio cha timu yetu, cha ndege wale wenye midomo mirefu wanaotuamsha kila alfajiri juu ya mabati, wanaolia kama wameibiwa. Sauti yako ndogo. Mteremko mzima ukakujibu, haa, haa, na mimi nikaifuata mpaka nikakanyaga vidole vyako. Ulikuwa umekaa kwenye nyasi, hukuogopa hata kidogo. Ukaniambia, "Papa, mimi sikupotea. Ni wewe hukuniona."

Nimelibeba neno hilo miaka yote hii. Wiki hii nimelibeba zaidi.

Sasa nifike kwenye ile siku yenyewe. Mteremko ukiulizwa ni kumbukumbu gani wanaipenda kuliko zote, Bab' Zungu atasema lile kombe, Anti Devi atasema ile penalti ambayo mwanawe alidaka, akashangaa yeye mwenyewe. Ya kwangu ni ile ambayo hakuna anayekumbuka matokeo.

Ulikuwa darasa la tatu. Walikuwa wamekuja wageni kutoka mbali, wale wa bluu, kucheza mechi ya kirafiki. Mbwa mmoja wa barabarani, mbavu zote zinahesabika, akaingia uwanjani akaanza kuufukuza mpira. Watu wakacheka, wakamshangilia, wachezaji wakawa wanampita kama beki. Halafu winga wetu akapiga shuti la chinichini kwa nguvu zake zote, na mbwa akawa katikati ya njia yake. Tulisikia ule mlio mpaka juu. Akaanguka karibu na mstari, hatikisiki.

Kila mtu akabaki anangoja. Refa akatazama saa yake. Mchezaji mmoja akamgusa kwa ncha ya kiatu. Na mimi nikaona kitu kidogo chenye gauni la njano kinashuka mteremko, miguu mitupu, kinavuka mstari mweupe kama vile hakuna mstari.

Nikasimama nikaita, "Sifa! Rudi!"

Hukugeuka.

"Sifa! Rudi hapa!"

Ulichuchumaa. Ukaweka kiganja chako kwenye mbavu zake, ukainamisha sikio. Refa akaja, mtu mrefu, akakusimamia kama nguzo. Akasema, "Msichana, toka uwanjani. Tunacheza mechi hapa." Na wewe hukumtazama hata usoni, ukamwambia, "Ngoja. Anapumua."

Na akangoja! Mtu ambaye hakuwahi kumsikiliza kocha yeyote, akangoja. Wachezaji wote wakasimama duara, mikono kiunoni, jasho linawatoka, wanangoja kama watu walio nje ya wodi. Ukavua sweta lako, ukamfunika. Kisha kapteni wa wale wa bluu akapiga goti karibu yako, akakuuliza, "Tumbebe vipi, daktari?" Wewe ukamwonyesha shika hapa, hapa usiguse. Mkambeba ninyi wawili mpaka kwangu, na kapteni akaniwekea mbwa mikononi, akasema, "Baba, huyu mtoto wako si wa kukaa mteremkoni."

Nilicheka, sikumsikia. Nilimsikia Jumatano, nikiwa na sindano mkononi.

Mbwa mwenyewe ndiye huyu anayenikoromea miguuni sasa, mzee mwenye masharubu meupe, na jina la Arbitri ulimpa wewe, kwa sababu ulisema ndiye aliyesimamisha mchezo. Tulishinda? Tulifungwa? Bab' Zungu anasema sare. Mimi ninachokumbuka ni kiganja chako tu.

Unaona sasa, mwanangu. Mimi nilikuwa na ndoto yangu, na nitakuambia bila aibu ilikuwa nzuri. Mimi na wewe tuliingia koleji ile kwa kupitia miti, miaka yote, watu wa kukaa nje kwenye nyasi. Nilikuwa naota siku utakayoingia kwa geti kubwa, na kadi yako shingoni, umevaa nyeupe ambayo ni ya kwako kwa haki. Nikaota mteremko wote ukisimama. Hiyo ndiyo iliyosema "baki" mdomoni mwangu, na neno lenyewe nilikuwa nimepewa na mzee mwema, na nilitaka nikupe na wewe kama mtu anavyompa mtoto kitu kizuri kuliko vyote nyumbani.

Lakini mimi niliambiwa nibaki nikiwa mtu asiye na mahali. Wewe mahali unapo. Neno lile lilikuwa dawa ya ugonjwa wangu, si wako. Na kuna jambo jingine. Nimeshakuita urudi mara moja katika maisha yako, tena kwa sauti kubwa, mbele za watu. Namshukuru Mungu kila nikimwona mbwa huyu kwamba hukunisikia.

Jumamosi nilipita uwanjani, walikuwa wanafanya mazoezi tu, nikawaambia. Bab' Zungu akavua kofia, akaivaa tena. "Eish, Mfundisi. Pretoria? Si wale wa bluu?" Nikasema ndio. "Basi siku akija na wale, atakaa upande ule kule." Anti Devi akamgeukia. "Atakaa hapa. Atakaa hapa na bluu yake, na atakula." Amekutumia achari ya embe, iko kwenye kona ya sanduku, nimeifunga mara mbili isimwagike. Na ukiimba na wale wa bluu kule, imba kwa sauti. Mtu anayeimba nusu nusu hakuna timu inayomtaka. Mungu wa kule ni huyuhuyu, na watu wa kule wana mama zao pia.

Uliuliza nani atakwenda na mimi uwanjani. Nilimwambia mama yako umeuliza hivyo. Wewe unamjua, miaka yote anaita mteremko "kanisa lenu la mpira," hajakanyaga. Alikuwa anachambua sombe, yale majani ya muhogo, hakuinua kichwa. Akasema, "Nitakwenda mimi. Lakini mimi sivui viatu." Kwa hiyo usihuzunike juu yangu. Wahuzunikie wale watakaokaa karibu naye.

Na siku ukungu utakaposhuka kule, maana hata huko hushuka, usifikiri umepotea. Ni sisi tu ambao hatukuoni. Paza sauti.

Viatu vyako nimeviwekea soli mpya, hizi zitakaa. Nitaikunja barua hii niiweke ndani ya kile cha kushoto, utaikuta asubuhi ukivaa. Uliomba neno moja. Ni hili: nenda. Funga sanduku, mwanangu, nenda.

Ila nakuomba usione haya kesho pale kwenye mabasi. Dereva akiwasha gari, mama yako atakuwa anapunga kitambaa na anatoa maagizo ya mwisho, na watu watakuwa wananitazama miguu. Nitakuwa nimevua. Utaniona nimesimama pekupeku, viatu mkononi, na unaijua desturi, sitavivaa mpaka mchezo uishe. Ukifika, ukiteremka, ukishakanyaga chini kule, nipigie uniambie nivae.

Usichelewe kupiga, tafadhali. Lami ya mwezi huu inachoma.

Papa yako,
Mfundisi wa mteremkoni